Wimbo Unalia Vibaya? Anza kwa Kutafuta Ulipoharibikia

Mtu akiniletea wimbo wenye kasoro, simuulizi kwanza simu yake ni aina gani. Namuuliza: huu wimbo umeutoa wapi, na umepitia mikono ya nani mpaka ukafika kwako? Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo dawa yenyewe.

Kazi yangu ni kuhamisha kanda na santuri za watu kwenda kwenye kompyuta, na pembeni najaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Malalamiko nayasikia ya kila namna: unalia kama uko majini, unakwaruza, redio ya gari haiusomi, mwimbaji amekuwa na sauti ya mtoto. Nimeyaandika hapa kwa maneno yaleyale wanayoyatumia wateja, na chini ya kila moja nimeeleza kisa chake na cha kufanya.

Kabla ya yote, fanya jaribio moja dogo. Chukua faili hilohilo, bila kulibadilisha, ulipige kwenye kifaa kingine kabisa kwa hedifoni za waya. Kasoro ikibaki, imo ndani ya faili. Ikiondoka, mara nyingi faili ni zima, na ugonjwa uko kwenye spika, kebo, Bluetooth au programu ya kuchezea. Nimeona watu wakifuta nyimbo zao zote kumbe waya wa spika umelegea.

Nazi, tui na machicha

Sauti ikiingia kwenye kompyuta inapimwa punje kwa punje. Kwenye CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, zinachukuliwa sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli ina biti 16, na yote hayo mara mbili kwa sababu kuna upande wa kushoto na wa kulia. Ukizidisha unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde. Dakika moja inakula zaidi kidogo ya MB 10. Faili la WAV ndilo hilo: sauti yote imo, haijabanwa, ni zito.

Kubana kuna njia mbili, na anayezichanganya atahangaika siku zote. Njia ya kwanza ni ya FLAC, iliyotoka mwaka 2001, na ALAC ya Apple. Hiyo ni kama kukunja kanga na kuitia sandukuni. Inachukua nafasi ndogo, pengine nusu au zaidi kidogo ya WAV, lakini siku ukiikunjua ni ileile mpaka uzi wa mwisho.

Njia ya pili ni ya MP3, AAC, Opus na wenzao. Hapo nazi imekunwa, imekamuliwa, na machicha yametupwa. Unabaki na tui. Tui likikamuliwa vizuri chakula kinakolea na hakuna anayeulizia machicha, ila huwezi kulichukua tui hilo ukalirudisha kuwa nazi. Na ukiliongeza maji sufuria inajaa, lakini tui halikolei. Mfano huo wa maji uuweke akilini, tutaurudia.

Walioitengeneza MP3, Karlheinz Brandenburg na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, hawakutupa ovyo. Walilisoma sikio la binadamu. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, mlio mdogo ulio jirani nayo unafunikwa, sikio haliusikii. Basi mlio ule unaweza kuandikwa kijuujuu au kuachwa kabisa. Wimbo unakatwa vipande vya sampuli 1,152, kila kimoja kama milisekunde 26, na kwa kila kipande programu inaamua kipi kibaki na kipi kiende. Biti zikiwa nyingi, inaamua kwa nafasi. Zikiwa chache, inalazimika kutupa hata vile ambavyo sikio lingevisikia, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia.

“Unalia kama uko ndani ya maji”

Sikiliza kayamba, njuga, makofi, matoazi, au rika, lile tari dogo la njuga, kwenye taarabu. Kama badala ya “cha-cha-cha” kavu unasikia kitu kinachozungukazunguka kama mvuke, faili limebanwa kupita kiasi. Milio hiyo ya kuchakacha ndiyo migumu kuliko yote kubana, kwa sababu haina noti moja ya kushika. Imetapakaa kila mahali. Sauti ya mwimbaji na besi zinaweza kuwa nzuri tu huku kayamba limeshakufa. Ndiyo maana mtu anayepima wimbo kwa besi peke yake hadanganyiki mara moja, anadanganyika kila siku.

Kuna dalili ya pili inayofanana na hiyo: mkwaju wa kanuni au gambusi, zile ala za nyuzi, badala ya kuanza kwa “ting” kali unaanza kwa kivuli chake, kama mtu aliyevuta pumzi kabla ya kusema. Kelele ya ubanaji imesambaa ndani ya kipande kizima, ikatangulia mkwaju wenyewe.

Kama simu yako haionyeshi kasi ya biti, yaani kilobiti ngapi kwa kila sekunde, ipige hesabu mwenyewe: ukubwa wa faili kwa MB, zidisha kwa 8,000, gawa kwa sekunde za wimbo. Mfano, wimbo wa dakika 6 na sekunde 30 ni sekunde 390. Faili likiwa MB 3.1, jibu ni takribani 64. Kilobiti 64 za MP3 kwa muziki wa bendi nzima ni kidogo mno. Kwa mawaidha au hotuba ya mtu mmoja, iliyowekwa mono, yaani njia moja ya sauti bila kushoto na kulia, zinatosha kabisa.

Dawa ni kutafuta faili lililotoka karibu zaidi na chanzo, kisha kulibana upya mara moja tu. Kwa MP3 mimi sishuki chini ya kilobiti 192, au natumia LAME, programu ya kutengenezea MP3, kwa kasi inayobadilika, ile iitwayo V2, inayozunguka 190. AAC na Opus ni wajanja zaidi: Opus, iliyotoka mwaka 2012, ikiwa kwenye 128 inanitosha hata kwa rika. Kubana tena faili lililoharibika hakutibu chochote, ni kukamua machicha mara ya pili.

“Imeandikwa 320, mbona inalia kama redio ya mbali?”

Haya ndiyo yale maji kwenye tui. Mtu amechukua MP3 ya 128 akaigeuza kuwa 320. Faili limekua mara mbili na nusu, bando limeliwa mara mbili na nusu, sauti ni ileile, na kwa kweli ni mbaya kidogo kuliko mwanzo kwa sababu imebanwa mara mbili.

Jambo hili linaniuma kwa sababu vijana wanatumia bando lao kwenye kurasa zinazoahidi kutoa “320” kutoka YouTube. Sauti inayopatikana kwa kawaida kwenye video za YouTube ni AAC ya takribani 128, au Opus inayofika takribani 160. Hiyo 320 ingetoka wapi? Ukiwa na ruhusa ya kuichukua sauti hiyo, ichukue ilivyo, kwenye M4A (faili linalobeba AAC) au Opus yake, usiigeuze.

Kuitambua kuna programu ya bure iitwayo Spek. Unaliburuta faili ndani yake na inakuchorea picha: muda unakwenda kulia, milio minene iko chini, milio myembamba juu. MP3 halisi ya 320 inafika mpaka karibu na 20 kHz (kHz ni kipimo cha wembamba wa mlio). Iliyowahi kupitia 128 mara nyingi imekatwa kwenye 16 kHz hivi, mstari mnyoofu kama ukuta, na juu yake ni giza tupu.

Lakini tahadhari, hapa watu wengi wanahukumu vibaya. Rekodi ya zamani ya kanda au ya redio nayo inaweza kuwa tupu huko juu, kwa sababu mlio huo haukuwahi kurekodiwa. Siti binti Saad aliporekodi santuri zake Bombay mwaka 1928 hapakuwa na mtambo wa kukamata 20 kHz. Angalia jinsi inavyoishia: ya zamani inafifia taratibu kama moshi, au huko juu imejaa ukungu wa mikwaruzo ya sahani, iliyokatwa na programu inaishia kwa kisu. Usimwambie mtu santuri ya bibi yake ni feki kwa sababu ya picha ya Spek.

“Ilipotoka kwangu ilikuwa nzuri, ilipofika huko imekuwa mbovu”

Hapa niseme kwa kirefu, maana nusu ya kazi zinazonifikia zina ugonjwa huu.

Kuna mama mmoja, mjane, alikuja na simu ya mjukuu wake. Marehemu mume wake alikuwa mpiga fidla wa taarabu hapa Tanga, na kwenye simu mlikuwa na kipande chake cha kama dakika 4. Akaniwekea, akaniangalia usoni.

“Mwanangu, hii ndiyo fidla ya mzee kweli? Mimi naisikia kama nyuki.”

Nikamuuliza ilivyofika hapo. Mjukuu alipiga kanda kwenye redio ya kaseti, akaisogezea simu, akarekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Akamtumia shangazi yake Muscat. Shangazi akaiwekea picha ya marehemu, ikawa video, akaipandisha kwenye hali yake (status) ya WhatsApp ili ndugu waione. Ndugu mmoja akaihifadhi kutoka pale na kuirudisha Tanga. Hesabu: ujumbe wa sauti unatumia Opus iliyopangwa kwa ajili ya mazungumzo, mono, na milio myembamba yote imeachwa nje. Kuitia kwenye video ni kubana mara ya pili. Kuipandisha ni mara ya tatu. Kila mmoja ameihamisha kwa mapenzi, na kila mmoja amekamua.

“Mama, kanda yenyewe iko wapi?”

Ilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, imefungwa kitambaa.

Kesho yake aliileta. Kile kisponji kinachoubana utepe kwenye kichwa cha redio kilikuwa kimeliwa. Nikakitoa kingine kwenye kanda isiyo na kitu. Nikavunja vijimeno viwili vya juu ya kaseti, ili hata mtu akibonyeza kurekodi kwa bahati mbaya isiwezekane. Nikauzungusha utepe kwa kalamu mpaka ukakaza. Halafu kazi ambayo wengi wanairuka: pembeni ya kichwa cha deki kuna skrubu ndogo inayokilaza au kukiinua. Wimbo unalia, unaizungusha kwa bisibisi kidogo, robo ya robo, huku unasikiliza. Mwanzo fidla ilikuwa imefungwa kama inapigwa nyuma ya pazia. Nilipofika mahali pake, ghafla ikafunguka, upinde ukasikika unavyokwaruza uzi. Hakuna programu inayoweza kukupa hicho baadaye kama hukukichukua hapo.

Nilirekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, kilele cha juu kabisa kikiwa chini ya sifuri, ambayo ndiyo dari ya kurekodi, kwa desibeli 8 hivi. Mama alipoisikia alikaa kimya, kisha akasema, “Sasa huyu ndiye.” Faili la Muscat lilikwenda siku hiyohiyo, likaenda zima.

Jinsi ya kulituma zima: kwenye WhatsApp, bonyeza alama ya kuambatisha, chagua hati, usichague sehemu ya picha na video, wala usiirekodi kwa kipaza sauti cha simu. Likienda kama hati linafika kama lilivyotoka, herufi kwa herufi. Ukitaka kuhakikisha, linganisha ukubwa wa faili kule lilikotoka na kule lilikofika. Idadi ya baiti ikiwa ileile, hakuna aliyeligusa. Kama faili ni kubwa sana, lipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni na umtumie mtu kiungo.

“Flashi haisomi kwenye gari” na “sabufa inaruka nyimbo”

Kwanza itazame flashi yenyewe. Redio nyingi za magari na sabufa zinaelewa mpangilio wa kuhifadhi faili uitwao FAT32 tu. Flashi ikiwa NTFS au exFAT, redio itakwambia haina kitu. Nakili vilivyomo, ifomati iwe FAT32, rudisha. Dirisha la kawaida la Windows limezoeleka kukataa FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32, kwa hiyo kwa gari nunua ya GB 32 au ndogo, na unaondokana na usumbufu.

Pili, aina ya faili. Sabufa inasoma MP3, pengine na WAV au WMA. Ukiitilia M4A, Opus au FLAC inaruka kimyakimya. Na kubadilisha jina la faili kutoka .m4a kuwa .mp3 hakubadilishi kilichomo, sawa na kuandika “sukari” kwenye kopo la chumvi. Simu inaweza kulipiga kwa sababu inachungulia ndani. Redio ya gari inaamini jina, inafungua, haielewi, inakaa kimya. Programu ya MediaInfo itakwambia kilichomo kweli. Faili la “wimbo” lenye KB 40 si wimbo hata kidogo, ni ukurasa wa tangazo uliopakuliwa kwa jina la wimbo, lifute.

Tatu, mpangilio. Watu wanapanga nyimbo kwa majina vizuri, kumbe vifaa vingi vya bei nafuu vinafuata mfuatano wa kunakili: uliotangulia kuingia ndio unaotangulia kulia. Anza majina kwa 01, 02, 03, kisha nakili kwa mfuatano huohuo kwenye flashi iliyofutwa kwanza.

Nne, na hili ni la masokoni kwetu: flashi au kadi ya bei ya kutupa iliyoandikwa GB 512. Majina ya nyimbo yanaonekana yote, lakini nyingine hazilii, nyingine zinakatika na kuingia wimbo mwingine katikati. Ndani kuna GB 8 au 16 tu, na kilichozidi kimeandikwa juu ya kingine au hakikuandikwa popote. H2testw kwenye Windows inaijaza flashi na kuisoma tena, na inakupa ukweli kwa tarakimu. Ifanye kabla hujaweka kitu cha maana, kwa sababu yaliyopotea humo hayarudi.

“Wimbo wa dakika 5 unaonyesha dakika 23”

MP3 ya kasi inayobadilika inatakiwa iwe na maandishi mwanzoni yanayotaja ina vipande vingapi. Yakikosekana, kifaa kinaangalia kasi ya mwanzo, ambapo pengine ni ukimya wenye biti chache, kinadhani wimbo wote uko hivyo, kinakosea hesabu. Sauti ni nzima. Andika upya faili bila kulibana upya, kwa programu ya ffmpeg inayotumia amri za kuandika:

`ffmpeg -i wimbo.mp3 -c copy mpya.mp3`

Hilo neno `copy` ndilo la muhimu, bila hilo utakuwa umekamua tena. Wasiopenda kuandika amri, programu ya foobar2000 ina sehemu ya kurekebisha maandishi hayo ya mwanzo.

Kinyume chake, faili linaonyesha dakika 5 lakini linakata kwenye dakika 2 na sekunde 40: hilo halikumaliza kupakuliwa. Lipakue tena.

“Mwimbaji amekuwa mtoto”

Kama wimbo umepanda na kukimbia, mtu amerekodi kwa sampuli 44,100 na mahali fulani imechezwa kana kwamba ni 48,000. Tofauti ni karibu asilimia 9, sawa na kupanda karibu kitufe kimoja na nusu kwenye kinanda, ukihesabu vyeupe na vyeusi. Ikiwa kinyume, mwimbaji anakuwa mzito na mzembe. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, usiiburute kwa makisio. Badilisha tu kiwango cha sampuli cha wimbo kilingane na kile kilichotumika kurekodi, itarudi palepale.

Ikiwa kasi inayumba, inapanda na kushuka, hiyo siyo hesabu ya kompyuta. Ni mkanda wa mpira ndani ya deki umelegea. Kaseti inatakiwa ipite kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Badilisha mkanda, urekodi tena.

“Inakoroma kwenye sauti ya juu”

Fungua faili kwenye Audacity, vuta karibu pale inapokoroma. Mawimbi yakiwa na vichwa vya mviringo, faili liko salama na tatizo ni spika au umepandisha sauti ya programu kupita asilimia 100, kama VLC inavyoruhusu. Yakiwa yamekatwa bapa juu na chini kama meza, sauti ilipita kipimo wakati wa kurekodi. Namba za kompyuta zina dari. Kilichogonga dari hakikuandikwa. Zipo programu zinazokisia umbo lililokatwa, na kwa mikato michache zinasaidia, lakini kama wimbo wote ni bapa, rekodi upya.

Kwa hiyo ukirekodi acha nafasi. Sauti ndogo iliyo safi unaweza kuipandisha baadaye. Na kabla ya kubana kuwa MP3, shusha kilele desibeli 1 chini ya sifuri, kwa sababu ubanaji wenyewe hubadilisha umbo la wimbi na kilele kinaweza kuruka juu kuliko kilivyokuwa.

“Kwenye hedifoni naimba naye, kwenye spika ya Bluetooth mwimbaji hayupo”

Hii huwachanganya hata mafundi. Ala zinasikika, mwimbaji kayeyuka. Waya za upande mmoja ziligeuzwa wakati wa kurekodi: wimbi la kushoto linapopanda, la kulia linashuka. Kwenye hedifoni unahisi sauti iko nje ya kichwa, ya ajabu kidogo, lakini ipo. Spika moja inajumlisha kushoto na kulia, na vinavyofanana vinafutana. Mwimbaji, aliye katikati, ndiye wa kwanza kufutika. Tenganisha pande mbili kwenye Audacity, geuza wimbi la upande mmoja juu chini, unganisha. Ni kazi ya dakika 1, na mtu anadhani umefanya miujiza.

Ikiwa ni sikio moja tu linalolia, jaribu kwanza hedifoni nyingine. Ukimya ukibaki upande uleule, faili au chomeo ndicho chenye kosa. Ukiondoka, ni waya wa hedifoni ya kwanza.

“Bluetooth ilikuwa safi, ghafla imekuwa kama simu ya upepo”

Kuna programu imewasha kipaza sauti cha hedifoni. Bluetooth ya kawaida ikitakiwa kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja inahamia kwenye njia ya simu: mono, sauti nyembamba. Funga programu ya mikutano, au chagua kipaza sauti cha kompyuta. Faili lako halina kosa.

Madogo ya kupita

Nyimbo zinazopishana ukubwa wa sauti, mmoja unanong’ona na unaofuata unapiga kelele: tumia MP3Gain, inayobadilisha namba ya ukubwa ndani ya faili kwa hatua za desibeli 1.5 bila kubana upya. Majina yanayokatika katikati: faili lina lebo (maelezo ya jina na mwimbaji yaliyomo ndani yake) ya zamani inayobeba herufi 30 tu, ziandike upya kwa Mp3tag. Kaswida zenye majina ya Kiarabu yanayotokea kama alama za kuuliza, zihifadhi lebo zake kwa ID3v2.3 yenye UTF-16, chaguo lililomo kwenye Mp3tag hiyohiyo, redio nyingi zitazisoma. Kimya kidogo kinachoingia kati ya nyimbo mbili zilizotakiwa kuungana, kama maulidi yaliyorekodiwa mfululizo, kinatokana na MP3 kuongeza sampuli tupu mwanzoni na mwishoni. FLAC haina tatizo hilo.

Ninavyohifadhi

Kila kanda inayopita kwangu inabaki kwenye FLAC. Kanda ya dakika 60 kwa kipimo cha CD ni MB 635 za WAV. FLAC inaipunguza sana bila kupoteza hata sampuli moja. Ndani ya kila FLAC kuna alama ya uhakiki ya sauti asilia, kwa hiyo hata miaka 10 baadaye naandika `flac -t` na jina la faili, nayo inaniambia kama kuna biti iliyooza. Nakala zinakaa mahali pawili, kwangu na kwa mwenye kanda. MP3 za kugawa natengeneza kutoka kwenye FLAC kila zinapohitajika, sitengenezi MP3 kutoka kwenye MP3.

Yule mama alipewa flashi ya GB 16 ya sabufa yake yenye MP3 za 192, diski yenye FLAC, na kanda yake ikarudi kwenye kopo la biskuti. Nilimwomba akae nami nusu saa tukaandika kila alichokikumbuka, nikakitia kwenye lebo: nani alipiga kanuni, nani rika, arusi ilikuwa ya nani na mtaa gani. Mwaka hakuwa na hakika nao, akasema ni kabla mtoto wa tatu hajazaliwa. Nimeandika hivyohivyo.